Maji Chini ya Vinyonga wa Mbinga

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa vinyonga arobaini na mmoja. Nikawahesabu, nikapata thelathini na tisa. Nikarudia, nikapata arobaini na watatu. Meneja, kijana wa Tanga aliyekuja Mbinga na leseni ya kufuga wanyama hai na kuwasafirisha, akaniambia, "Mama Tekla, hawa si kahawa. Hawakai wakakungoja."

Kahawa ndiyo niliyoizoea. Kwa miaka mingi nilichambua buni kwenye ghala la ushirika kule Mkumbi, hadi wanunuzi binafsi waliporuhusiwa na sisi tukapewa barua za kutuaga. Wenzangu walirudi shambani. Mimi nikasikia kuna mtu anatafuta mlezi wa vinyonga na hampati, maana watu wengi kwetu wakimwona kinyonga humpisha njia. Kazi isiyogombewa ndiyo yenye nafasi ya kupatana. Nilidai mabuti, koti la mvua na Jumapili yangu kabla sijagusa mkia hata mmoja.

Banda lilikuwa ghala la zamani lililoezuliwa paa na kufunikwa wavu. Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyo kwenye majani. Kwa hiyo ilibidi tupande mimea ndani, na kila asubuhi niinyunyizie maji kwa bomba la mgongoni, lile la kupulizia mibuni, jipya lisiloonja dawa.

"Wewe Mmatengo," Meneja alisema, "maji unayajua. Panga udongo."

Nikapanga ngoro. Asiyeijua ngoro nimweleze: tunalaza nyasi kwa miraba, tunazifunika udongo, katikati ya kila mraba linabaki shimo. Mvua ikiteremka mlimani inanaswa shimoni, inazama taratibu, na shamba halihami. Wazee wetu wameshika milima kwa njia hiyo. Ngoro zangu zilinyooka hata Meneja akaleta wageni kuziangalia.

Wiki ya tatu ya masika banda likaanza kunuka. Mashimo yalijaa maji, mizizi ikawa myeusi. Ngoro inahitaji mlima chini yake. Mimi nilikuwa nimeipanga juu ya sakafu ya saruji. Maji yalikuwa hayana pa kwenda, na mimi ndiye niliyeyaalika.

Alikuwepo jike mmoja mwenye mimba. Kinyonga wa aina ile huchimba ardhini kutaga. Huyu alichimba, maji yakapanda, akarudi mtini. Kesho yake vilevile. Macho yakaanza kudidimia. Jike asipopata mahali pa kutaga, mayai humuua.

Alhamisi akapita Bwana Nyamapori, afisa wa wilaya, mtu wa Singida, mpole kwa sauti tu. Aliingiza kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Shikamoo, mama. Jumatatu narudi. Nikikuta maji yamesimama, nafunga. Nikikuta kinyonga mmoja amepungua kwenye daftari, sifungi banda peke yake."

Ijumaa nilipanda lori lililokuwa likishuka ziwani kuchukua usipa, dagaa wa kwetu, nikiwa na debe mbili za maharage. Nilitaka kokoto za ufukweni Ngumbo, zile za mviringo, kwa sababu huacha nafasi kati yake na maji hupita.

"Mama wa milimani, kwenu mawe yameisha?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akianika usipa.

"Yapo, ila yana kona."

"Ya hapa ni debe mbili za maharage kwa gunia."

"Dada yangu, gunia tatu kwa debe mbili, na mawe ziwa litakuletea mengine. Mimi maharage sirejeshewi na mlima."

Tukaishia gunia tatu, na usipa wa kula njiani.

Jumamosi tulihamisha vinyonga kwenye masanduku, tukang'oa ngoro zangu zote. Fundi akatoboa sakafu kwa mtaimbo upande wa bondeni, akapaka saruji mpya ili iinamie tundu, akachomeka bomba la kutolea maji nje. Jumapili, baada ya Misa, Jumapili yangu ikaliwa: kokoto chini, juu yake gunia la katani kuzuia udongo, kisha udongo uliochanganywa na mchanga. Nikamwaga debe la maji, nikaanza kusali Salamu Maria. Kwa kipimo changu, tatu zilitosha. Nikafika ya kumi, bomba kavu.

"Labda ongeza imani," fundi alisema.

Nikaongeza mchanga. Gunia lilikuwa limezibwa na udongo wa mfinyanzi. Tukafukua, tukabadilisha gunia, tukachekecha udongo upya. Nikamwaga tena. Kwenye Salamu Maria ya pili bomba likatema. Jioni tukarudisha mimea, mibuni ikiwemo, kisha vinyonga.

Jumatatu saa nne Bwana Nyamapori akahesabu: arobaini. Akarudia: arobaini. Jike hayupo. Meneja akanitazama kana kwamba nimemvaa shingoni kama mkufu.

"Amekwenda wapi, mama? Tanga?" Bwana Nyamapori akauliza.

Kwenye kona, chini ya mbuni, niliona udongo umevurugwa upya. "Yuko ardhini, anataga. Tukimfukua ataacha."

"Au hayupo."

"Nipe hadi saa kumi. Nisipomtoa, andika utakalo, na jina langu nitakutajia herufi moja moja."

Akageuza debe, akakaa. Saa nane mvua ikanyesha. Sote watatu tukakodolea macho bomba, na bomba likatiririka. Kwenye kona udongo ukabaki umeshikana, hauna dimbwi. Saa tisa ikapita. Bwana Nyamapori akafungua kalamu.

Kabla ya saa kumi ukatoka mguu, kisha kichwa kilichopakaa tope. Jike akatoka mzima, amepungua tumbo, akageuka kufukia shimo kwa mikono yake.

"Arobaini na mmoja," Bwana Nyamapori akaandika.

"Hesabu tena," nikamwambia.

Nilikaa miaka tisa pale, chini ya mameneja watatu. Kila aliyekuja nilimwanzia kwenye bomba, sio kwenye vinyonga. Ninyi mnaoanza kazi, ujuzi wa nyumbani njooni nao, ila kagueni sakafu kwanza.

Sasa nalima kijijini Ukata, ngoro juu ya mlima wake. Juzi niliona kinyonga kwenye mbuni, jike, tumbo zito, anashuka. Nilimhesabu mara moja, nikachukua jembe langu nikaanzia upande wa pili.