Jua la Nyanungu

Simu iliita mara tatu, na mara zote tatu Wegesa aliiacha iite. Jua lilikuwa limezama kijijini Nyanungu, Sabato imeingia, naye alikuwa amepiga magoti. Mara ya nne iliita kwa jirani, mzee Mwikwabe, ambaye hasali popote. Alikuja nayo mkononi, akasimama mlangoni bila kubisha hodi.

"Mama Waisiko, keti chini."

"Niko chini tayari, tata. Sema."

"Sylvester amegongwa na lori huko Kenya. Ezra anasema hakufika hospitali."

Sylvester, mume wake, shemasi kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameondoka alfajiri hiyo ya Ijumaa kwenda Nairobi kutazama mashindano ya mpira ya Afrika. Alikuwa na miaka hamsini na minne na hajawahi kuiona timu ya taifa kwa macho. Aliisikia redioni tu, akichunga ng'ombe. Alitaka kusafiri Alhamisi. Wegesa ndiye aliyemzuia.

"Pura kwanza huo mtama," alimwambia. "Au unadhani wakikosa mchezaji watakuingiza wewe?"

Alicheka, akapura mpaka jioni.

Mawazo yake ya safari aliyaandika kwenye daftari la mahubiri: "Bwana, moyo wangu unaupenda mpira, na Wewe unajua tangu lini. Mechi ni Jumamosi saa mbili usiku, Sabato itakuwa imetoka. Ijumaa nitafika kwa binamu yangu Ezra kabla ya jua kuzama. Nikichelewa, usiniache niuone mchezo." Chini yake alinakili saa ya kuzama jua kutoka kalenda ya kanisani: 12:48.

Basi lilikwama kwenye foleni ya malori, Nairobi ikiwa imekaribia. Akamtumia Wegesa ujumbe: "Jua linaniacha. Nimeshuka, nachukua pikipiki."

Karatasi ya polisi ilisema alifariki saa 12:40.

Jumapili Ezra alifika na mwili, na wazee wa kanisa wakaja msibani. Wegesa alitaka jambo moja tu: mume wake aingizwe kanisani, aombewe kama shemasi. Akawaletea daftari mwenyewe, waone jinsi alivyoijali Sabato.

"Alikufa zikiwa zimebaki dakika nane," alisema.

"Hilo ni jua la Nyanungu, mama," alisema mzee Stanslaus, kiongozi wao. "Nairobi iko mashariki, jua lao linatangulia. Ezra, Ijumaa lilizama saa ngapi kwenu?"

Ezra alimtazama Wegesa, kisha akatazama sakafu. "Kumi na mbili na dakika thelathini na nane, mzee."

"Basi alikuwa ndani ya Sabato dakika mbili, yuko barabarani, anakwenda kwenye mpira."

"Kalenda ni yenu! Yeye angejuaje?"

"Kalenda ni ya hapa. Hatukumtuma Nairobi."

Mwikwabe alimcheka Stanslaus kwa hasira. "Mura, mtu amekufa akilikimbiza jua lenu, na bado mnamwambia kachelewa?"

Stanslaus alifungua daftari, akausoma ule mstari kwa sauti, taratibu, kama anasoma Neno. "Nikichelewa, usiniache niuone mchezo." Akalifunga. "Aliomba mwenyewe, mama. Amejibiwa."

Wegesa alilichukua daftari la mumewe. Hakulia mbele yao.

Sylvester alizikwa Jumanne, kando ya zizi lake. Wanaume wa rika lake walichimba kaburi tangu asubuhi. Jeneza lilipita mbele ya kanisa, mlango ukiwa umefungwa. Kwaya haikuja, isipokuwa Bernadetha na Modesta, waliokuja bila sare, wakaimba ubeti mmoja wakasita. Ezra ndiye aliyeomba, kwa kifupi, maana hakuzoea.

Wegesa alitupa udongo wa kwanza.

"Ningekuacha uende Alhamisi," alisema.

Wanaume wakafukia. Mwikwabe akakanyagia udongo ukashika. Watu wakanawa mikono, wakala, wakaondoka.