Kati ya Chombo na Mji wa Kioo

Harufu ya lisoli ikinipitia puani, hata leo, hata kama ni kwenye choo cha stendi, paja langu la kushoto linakakamaa lenyewe kabla mimi sijakumbuka kitu. Wodi ya wanawake ilioshwa kwa lisoli kila asubuhi, na ile harufu ilipanda ikachanganyika na unyevu wa mablanketi, maana ilikuwa masika na hakuna kilichokuwa kinakauka. Mvua ilipiga bati mpaka wagonjwa wakawa wanaongea kwa kupayuka. Ikipumzika kidogo, unasikia honi ya treni kule stesheni ya Mpanda, inaondoka kwenda Kaliua, na mimi nalala chali nahesabu misumari ya dari. Misumari mia moja na kumi na nne. Siku nyingine mia moja na kumi na tatu, nikawa na wasiwasi siku nzima.

Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, nyumbani hakuna aliyeandika. Sisi ni Wasukuma tuliohamia na ng'ombe upande wa Mpimbwe, na shule niliisikia zaidi ya kuiona: nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Siku hiyo baba aliniambia nisipande mkokoteni uliobeba mpunga, nishuke nitembee. Mimi nikapanda juu kabisa ya magunia kama bibi harusi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mwenzenu huo usemi ulinikuta mzimamzima, wala haukubadilisha hata neno. Ng'ombe mmoja, tulimwita Bwana Shamba kwa sababu alikuwa anapenda kusimama anaangalia watu wakifanya kazi, alistuka kwenye korongo, mkokoteni ukainama, nikaanguka na gurudumu likapita juu ya paja. Nisije nikapotea njia. Habari za Bwana Shamba ni ndefu na mwisho wake ni mchuzi.

Hospitali walininyoosha ule mguu, wakaufunga bandeji hadi juu, wakaunganisha kamba iliyopita kwenye kigurudumu kidogo mwisho wa kitanda, na kule chini wakaning'iniza mfuko wa mchanga. Mchanga unavuta mguu, mguu unanyooka, mfupa unajua pa kushika. Wiki sita, alisema daktari, bila kuketi, bila kugeuka. Baba akarudi kwa ng'ombe, halafu barabara ikakatika nyuma yake. Nikabaki na bibi, mama yake baba, aliyelala chini ya kitanda changu juu ya kanga mbili na kupika uji nje kwenye jiko la wauguzaji. Bibi hakujua Kiswahili. Alijua Kisukuma na mvua na ng'ombe. Kila alichosema nesi kilipitia mdomoni kwangu ndipo kimfikie, na kila alichosema yeye vilevile. Mtu umefungwa kama mbuzi wa sikukuu, lakini ulimi wako ndio mlango wa mtu mwingine. Sikujua kama hayo ni madaraka.

Sasa kitanda changu kilikuwa cha katikati. Kulia kwangu alilala Mama Devota, mke wa mfanyakazi wa reli, mama wa Kifipa mwenye rozari shingoni, aliyepasuliwa tumbo. Kushoto alilala Siwema, muuza dagaa wa Ikola, aliyeungua mkono wote na nusu ya bega kwa mafuta ya moto. Wote wawili walikuwa wameona kitu ambacho mimi sijawahi kukiona: televisheni. Siku zile Mpanda zilikuwa chache mno, na wenye deki na kanda walijulikana kama wanavyojulikana wenye magari. Mama Devota alikaa miezi kwa kaka yake Tabora, akaangalia huko kanda baada ya kanda za mchezo alioupa jina la Mji wa Kioo. Siwema alikuwa akipeleka dagaa Kigoma kwa boti, analala kwa tajiri mmoja, na sebuleni kwa tajiri aliona mchezo wake, anauita Chombo. Yote miwili ilikuwa ya Kiingereza. Hakuna kati yao aliyejua Kiingereza cha kununulia hata kiberiti. Wakasimulia hivyohivyo, kila siku saa kumi, nesi akishapita na sinia la dawa.

Mji wa Kioo ulikuwa juu ya nyota isiyo na jua. Watu walihamia huko baada ya dunia kuharibika, wakajenga mji mzima chini ya bakuli la kioo, na hewa wanapimiwa kama wali wa msibani. Ukigombana na mkuu wa mji unapunguziwa pumzi. Chombo chenyewe kilikuwa merikebu ya angani yenye watu saba, injini imezimika, wanaelea tu gizani wakitafuta merikebu nyingine iliyopotea zamani, na ndani ya ile merikebu nyingine yuko pacha wa nahodha. Mimi nilikuwa upande wa Chombo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu watu wa Chombo nao walikuwa hawaendi popote.

Basi ugomvi wao! Mama Devota anaanza taratibu, kama mtu anayeulizia bei. "Hebu niambie, Siwema. Hao watu wako saba, mbona hakuna anayepika?"

"Wanakula vidonge, mama."

"Vidonge ni dawa. Wanaumwa wote saba?"

"Ndiyo maendeleo hayo. Ya kwako wanalima mchicha ndani ya kioo, hiyo ni sayansi au ni bustani ya masista?"

Wodi nzima inacheka, wenye nyuzi tumboni wanashika mito. Mama Devota anasema mchezo wake una sheria, una serikali, una watoto wanaozaliwa, mtu unajifunza kitu. Huo wa Siwema ni hadithi ya sungura na fisi wamevalishwa kofia za pikipiki. Siwema anajibu kuwa Mji wa Kioo ni kikao cha kijiji, kila mtu anasimama anaongea, hakuna hata mmoja anayekwenda mahali. Siku Chombo kilipofiwa na fundi wao, wakamsukuma nje gizani akaenda zake, Mama Devota alikaa kitandani ghafla mpaka akajishika kidonda. "Bila padre? Bila hata ishara ya msalaba? Nyie watu wa ziwa mnaangalia vitu gani!" Bibi yangu ananivuta shuka ananiuliza kwa Kisukuma wanagombania nini hawa. Nikamwambia wanagombania shamba. Kumweleza nyota ingechukua wiki.

Jambo lililoniponza ni uzito. Siwema alisema ndani ya Chombo hakuna uzito. Watu wanaelea, kikombe kinaelea, hata machozi yanatoka jichoni yanakaa hewani kama shanga. Mama Devota akakataa katakata. Kwenye Mji wa Kioo watu wanatembea chini kama binadamu, na mtu hata akifa ana uzito, waulize wabeba majeneza. Wakabishana mpaka Siwema akashuka kitandani kwa hasira, mkono wake wa bandeji umeinuliwa juu, na kwa ule mzima akaunyanyua mfuko wangu wa mchanga akauweka juu ya godoro. "Haya Kabula, mwambie mama. Sasa hivi unasikiaje?"

Jamani. Wiki tatu lile paja lilikuwa linavutwa usiku na mchana, na ghafla likaachiwa. Nilisikia kama nimepanda juu kidogo ya kitanda, mimi na kanga za bibi na harufu zote. Nikasema naelea. Siwema akapiga kigelegele, Mama Devota akasonya, akasema mtoto akiwa kiwete mimi simo. Lakini hakwenda kumwambia nesi, na ninajua sababu: kesho yake naye alitaka kusikia kama nahodha amempata pacha wake. Tangu siku hiyo, saa kumi ikifika, mimi ndiye niliyekuwa naomba. "Dada Siwema, nitoe uzito." Anaunyanyua, anasimulia, na karibu na magharibi anaurudisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ule ulikuwa wangu mwenyewe na bado nikaufanya usufi. Bibi saa hizo alikuwa nje jikoni. Siku moja aliingia mapema akakuta mfuko uko kitandani, akaniuliza, nikamwambia ndivyo alivyoagiza nesi.

Wiki ya tano daktari akaja na futi ya kitambaa, akapima mguu wa kulia, akapima wa kushoto, akapima tena. Wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili na mfupa umeshashika. Hakupiga kelele, alimtazama tu Nesi Paskalia, akaondoka. Nesi Paskalia alikuwa mama mnene, mwenye haki, tuliyemwogopa wote. Akasimama miguuni pangu. "Huu mfuko kuna mtu anauchezea. Nani?" Akasema wazi kabisa: akiwa mgonjwa, anahamishiwa wodi nyingine leo hii, akiwa muuguzaji, hakanyagi tena humu ndani.

Nikamwangalia Siwema. Anaikagua bandeji yake kama anasoma barua. Zilikuwa zimebaki kanda mbili za Chombo. Walikuwa wameshaiona taa ya ile merikebu nyingine. Nawaeleza ukweli, sina wa kumficha tena: sikufikiria mguu. Nilifikiria zile siku zilizobaki, dari, misumari, mvua, bila mtu wa kunitoa. Nikanyoosha kidole kwa bibi.

Nesi akamgeukia. Aliongea kwa muda mrefu, kuwa ni ujinga wa watu wa porini, kuwa huruma yake imemlemaza mjukuu, kuwa atoke na asirudi. Kisha akaniambia, "Mtafsirie." Bibi ananitazama, anangoja. Mimi nikamwambia kwa Kisukuma: nesi anasema umeniuguza vizuri sana, mguu unapona, sasa upumzike, wao wataniangalia. Bibi akapiga goti mbele ya nesi, akakutanisha viganja, akasema, "Wabeja. Wabeja sana." Neno hilo la shukrani kila mtu Mpanda analijua, hata asiyejua Kisukuma kingine. Nesi akarudi nyuma hatua moja. "Ananishukuru? Huyu bibi ananidhihaki mimi!" Bibi akakunja kanga zake mbili, akatoka.

Saa kumi ikafika. Nikageuza shingo kushoto, nikasema, "Dada Siwema, taa ile." Siwema alikuwa ameelekea ukutani. Akasema, "Leo sina hadithi, mdogo wangu." Kesho yake pia hakuwa nayo. Siku ya tatu walimwondoa bandeji, akaruhusiwa, akaniachia kitana chake cha plastiki na hakuniangalia usoni. Mama Devota alijitahidi kunisimulia habari za Mji wa Kioo, mkuu wa mji amepinduliwa, watu wanapumua watakavyo. Nikafunga macho nikajifanya nimelala. Mpaka leo sijui kama pacha yule alikuwa mzima.

Uji uliendelea kuja. Aliuleta binti yake Mama Devota kila asubuhi, kwenye kikombe cha bati, na mimi nikakubali kuwa ni uji wa hospitali. Lakini ulikuwa na karanga zilizosagwa nusunusu, vile bibi pekee anavyosaga. Ulimi uliujua siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekataa kuujua. Siku waliponipa fimbo nitoke nje, baba amekuja na njia imefunguka, nilimkuta bibi pale nje ya uzio, chini ya paa la jiko, amepungua, kanga zina ukungu. Hakuwa amekwenda popote. Angekwenda wapi, mto umejaa na mjukuu yuko ndani?

Alikufa nikiwa nimeshazaa mara tatu. Mwaka mmoja kabla, tunachambua choroko, nilimwambia yote. Alicheka kwanza, meno yake manne. Akasema mwanamke akikuonyesha mlango kwa mkono wote, na mishipa ya shingo imemsimama, huhitaji mkalimani. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulimshukuru? Akatupa kokoto moja pembeni. "Ulikuwa unaniomba kwa macho," akasema. "Na wewe ndiye uliyekuwa umefungwa. Mimi nilikuwa na miguu."

Sasa mimi ndiye bibi, naishi Mpanda mjini karibu na soko, natembea nikiinama kushoto. Wajukuu wawili wana simu, na kwenye simu kuna hizo tamthilia za angani, zimetafsiriwa Kiswahili na kijana anayeongea haraka kama anafukuzwa. Mmoja ni shabiki wa hii, mwingine wa ile, wanabishana ipi ina magari makali, ipi ina roboti wa kweli, ipi imeibia nyingine. Wanajirusha kwenye kochi, wakichoka wanasimamisha picha wanakwenda kucheza, wakirudi wanaikuta palepale. Ikikatika, wanangojea bando. Sijaona mmoja wao akilia kwa kuikosa, na nafurahi, japo sidhani kama watakumbuka hata jina la nahodha wakifika umri wangu. Juzi wakaniwekea simu mkononi. "Bibi, wewe amua. Ipi nzuri?" Nikaangalia ile merikebu inayoelea, nikawarudishia. Nikawaambia niliwahi kuchagua mara moja, na niliyemwacha nje alikuwa ananipikia uji. Hawakuelewa. Mkubwa akaniuliza kama nataka waufungue mlango, maana nimebadilika uso. Nikasema ndiyo, ufungueni.