Mwanga wa Mchomeleaji

Karima aliuza mikate ya mafuta kando ya karakana ya Gédéon, mchomeleaji wa milango ya chuma. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, basi uliporudi Gédéon aliikimbilia kazi bila hata kutundika turubai la kuzuia mwanga. Mwanga mweupe pee ukapiga njia nzima. Mahmoudi, mtoto wa Karima wa miezi saba, akaukodolea macho, akacheka. Juma lililopita alicheka hivyo hivyo, kisha akalia siku mbili, macho yamevimba.

"Tonton Gédéon, tundika turubai!"

"Mama Mahmoudi, courant ya umeme itakwenda. Geuza tu mutoto."

"Nimugeuze wapi? Mwanga yako iko pande zote!"

"Bon, umunyonyeshe, atafunga macho."

Wateja wa Gédéon wakaangua kicheko. Karima alimfunga mtoto mgongoni, akamfunika kichwa kwa kitenge. Gédéon alipoweka chini kinyago chake cha kioo cheusi ili abadilishe kijiti cha kuchomelea, Karima alikinyakua, akakikalia.

"Alors, choma sasa. Kwa macho yako wewe."

Gédéon aliitazama taa ya mlangoni mwa karakana, bado inawaka, umeme haujakatika. Akatukana kwa Kilingala, akaenda kuleta turubai.

Karima hakuinuka mpaka kamba ya mwisho ilipofungwa.