Samaki wa Bahari na Kichwa cha Mama Mkwe

Ipo siku ya baridi hapa Mafinga ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Kila nikiisimulia nacheka kwanza, halafu namshukuru Mungu.

Nilikuwa bado mama kijana. Mume wangu Elia, fundi umeme, aliipenda bahari mno, na pwani alikuwa amefika mara moja tu. Akaweka tangi la kioo sebuleni, akakoroga maji na chumvi maalumu iliyoagizwa kutoka Dar, akafuga humo samaki wa rangi na matumbawe hai. Majirani walisema amechanganyikiwa, huku wakivuta viti karibu na kioo.

Maji ya tangi hukauka kidogo kidogo na chumvi ikabaki inazidi, kwa hiyo Elia akafunga kiboya. Maji yakishuka, pampu inaongeza mengine yasiyo na chumvi kutoka kwenye ndoo. Akaongeza na kifaa cha kupima pH, yaani kiwango cha tindikali ya maji. Maji yakianza kuwa na tindikali, pampu ya pili inadondosha maji ya chokaa mpaka kipimo kirudi mahali pake, na ikishindwa, kengele inalia. Alitamba kwamba sasa tangi linajilea lenyewe, na kweli lilijilea.

Basi akapata kazi ya kufunga umeme kwenye nyumba moja mtaa wa Soweto, kule Mbeya. Alipoondoka tu, mama yake akaja kutusalimia kutoka Madibira. Mtu wa joto la mashamba ya mpunga umlete Mafinga mwezi wa Julai, unategemea nini? Alitetemeka na mablanketi mawili juu. Nikaingiza jiko la mkaa sebuleni alipolala, nikafunga madirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa kanga. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Asubuhi akasema kichwa kinamuuma. Nikampa chai ya tangawizi. Baadaye akasema kichwa kimezidi na miguu haina nguvu. Nikamwambia ni baridi ya huku, atazoea, nikachochea jiko. Pampu ya chokaa ilikuwa haipumziki, nami nikafurahi kwamba mashine inachapa kazi.

Mchana maji ya chokaa yakaisha, kengele ikalia. Hapo nikashtuka. Nikampigia Elia mbio, maana samaki wale aliwapenda jamani. Akaniuliza ni kitu gani kimebadilika ndani ya nyumba. Nikamjibu hakuna, ni mama tu amekuja, na jiko la kumpasha moto.

“Achana na samaki,” akasema. “Mtoe mama nje sasa hivi, ufungue kila dirisha.”

Kumbe hewa mbaya ya mkaa ilikuwa imejaa sebuleni, ikaingia hadi kwenye maji na kuyatia tindikali, na mashine ilikuwa ikiifuta kwa chokaa tangu asubuhi bila mtu kujua. Nilimkokota mama mkwe hadi barazani. Jirani akatupeleka hospitali. Jioni alikuwa ameketi kitandani, macho yameng'aa, anadai ugali. Akaniambia, “Mwanangu, mimi nimelalamika tangu asubuhi, ukanipa chai. Samaki wamelia mara moja tu, ukapiga simu Mbeya.”

Nesi alicheka. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

Kwa hiyo funga mashine zako, mwanangu, sikukatazi, zinapunguza kazi. Ila ukiona mashine inarekebisha jambo lile lile bila kupumzika, usiisifu, tafuta kinacholiharibu. Na mtu wa nyumbani kwako akisema anaumwa, msikie anaposema mara ya kwanza. Mungu akujalie wazee wa kukulalamikia miaka mingi, na akupe moyo wa kuinuka mara moja wanapokuita.