Nimechoma Kuresoi ya Dennis

Leo nimechoma Kuresoi, na sijui nitamwangalia rafiki yangu Dennis aje tena.

Tulieni, ni board game. Ile tunachezanga kwangu mtaani Free Area Jumapili tukitoka kanisa. Ramani yake inabadilika na hairudi nyuma. Ukijenga mji, unauandikia jina na biro. Mtu akiuchoma, anabandika stika ya majivu, na inakaa hapo milele.

Dennis aliita mji wake Kuresoi. Mimi nilidhani ni kwa sababu anapenda viazi, na huko ndiko vinatoka.

Leo jeshi langu likaingia huko. Nikabandika stika nikiimba, "Choma! Choma!"

Wengine wakacheka. Dennis hakucheka.

"Kwetu Kuresoi kulichomwa hivyo," akasema polepole. "Nikiwa mtoto. Hao waliochoma pia walikuwa wanaimba."

Woi.

Nikajaribu kubandua ile stika na kucha. Karatasi ikararuka, jina likaenda nayo.

"Wacha tu, bro," akaniambia akivaa jacket. "Hata sisi hatukurudi."

Jameni, mtu kama huyo unamtumia message gani? Nimeandika "pole" nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta.