Anazaa na Ini Lako

Ini nalijua. Nimechinja mbuzi tangu sijaota ndevu, na nyama yangu imeliwa kuanzia Lodwar mpaka kambini Kakuma. Nikipasua mbuzi nasoma matumbo yake kama baba alivyonionyesha, halafu nalishika ini. Likiwa na mashimo, natupa. Shule nilionja tu nikaiacha, na mali yangu nimeitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo hospitali ya Lodwar ilipokataa damu yangu, nilikasirika kwanza. Nilikuwa nimekwenda kumtolea mke wa ndugu yangu, aliyekuwa amejifungua vibaya. Walipima, wakasema nina kirusi cha ini, kile wanachokiita C.

"Mimi? Siumwi popote!"

Nikapanda boda mpaka nyumbani, Kanamkemer. Binti yangu wa kwanza alikuwa amekuja likizo. Anafanya kazi maabara, Nairobi. Watu nilikuwa nawaambia tu anapima damu. Nilipomweleza akafungua kompyuta. Nikaona kitu kama mawe ya mto yamebanana, mengine yanang'aa kijani.

"Apa," akasema, maana sisi baba tunamwita hivyo, "hizi ni seli za ini la mtu. Tunazikuza kwenye sahani, tunazilisha. Hizo za kijani zimeingiwa na kirusi kama chako."

Nikashika ubavu. "Mmenikata ini lini?"

Akacheka, kisha akaona sitanii. "Si lako. Ni la mtu aliyekufa zamani. Seli zake ndizo bado zinaongezeka."

Mtu amezikwa, ini lake linalishwa na mtoto wangu! Nikauliza kama mfugaji.

"Huyo mdudu, jike lake liko wapi?"

"Hana jike."

"Dume je?"

"Hana."

"Sasa anazaa na nani?"

"Anazaa na ini lako, Apa."

Hapo ndipo nilipoogopa. Akanieleza polepole. Mdudu akiingia kwenye seli anavua ngozi, yanabaki maagizo tu. Seli inayasoma kama imetumwa na mwenyewe. Inatengeneza uzi mrefu, uzi unakatwa vipande, na vipande vinajenga vibanda vya kujificha humo humo ndani. Kipande kimoja kazi yake ni kunakili maagizo, tena na tena. Watoto wakitoka wamejipaka mafuta ya ini lenyewe, walinzi wa mwili wanawaona kama watu wa nyumbani.

"Na maumivu?"

"Unaweza kukaa miaka mingi bila maumivu."

Mbuzi mgonjwa hujitenga na wenzake, unamjua. Huyu utamjuaje?

Binti akasema mdudu huyu hupitia damu, huku anatazama alama za wembe tumboni mwangu. Kwetu tumbo likiuma unachanjwa palepale, damu mbaya itoke. Mimi nilichanjwa Kakuma. Mama yao alichanjwa siku ileile, wembe uleule, baada yangu. Hakuna aliyeniambia nikumbuke. Nilikumbuka mwenyewe, na yeye yuko nje anachochea moto.

Nikatoka nikamwambia mke wangu, "Kesho tunaenda hospitali, mimi na wewe."

"Naumwa nini?"

"Wembe."

Alinitazama tumboni, kisha akajishika lake.

Kipimo chake cha kwanza kilisema ndiyo, amewahi kukutana na mdudu. Cha pili, cha kumtafuta mdudu mwenyewe, ilibidi tungoje. Wakati huo sikuchinja. Mbuzi niliuza wazima, kwa bei ya aibu, kwa sababu mkono wangu ulikataa kushika ini. Kila nikimwona mke wangu ameinama, nilifikiria vile vibanda vinajengwa ndani yake, kimya, na mlango nimeufungua mimi.

Majibu yalipotoka, mdudu hakuwemo. Binti akasema wengine miili yao humfukuza bila dawa. Wangu bado alikuwa ndani.

"Mzee wa kujisifu," mke wangu akasema palepale, mbele ya watu, "wageni mimi nimewafukuza. Wewe umewapikia!"

Walicheka mpaka askari wa mlangoni. Mimi nilikaa chini.

Sasa nameza vidonge. Binti anasema vinakishika kile kipande kinachonakili, na kwamba vilipatikana kwa sababu watu waliweza kumtazama mdudu akizaa kwenye sahani kama zile. Namwamini, lakini asubuhi bado nabonyeza ubavu nikisikiliza. Mke wangu hasikilizi chochote. Ananipa maji, anangoja nimeze, halafu ananiambia nipanue mdomo aone.

Napanua.