Serikali Ilipozika Mgomba

Ninafundisha masomo ya jamii katika shule moja ya mabati pale Kabiro, mtaani Kawangware, na kila mwaka hutakosa kunikuta nikichora serikali ubaoni. Juu kabisa Rais, chini yake mawaziri, kisha makatibu, kamishna wa kaunti, naibu wake, chifu, naibu wa chifu, na mwisho mzee wa nyumba kumi. Bunge na Mahakama naziweka pembeni. Nilijivunia sana mchoro ule. Kila mtu alikuwa na kisanduku chake, na kila kisanduku kilikuwa na mshale.

Mwaka mmoja mtandao wa serikali ulivamiwa, ukazimika. Redio ikasema wavamizi pengine wako ng'ambo, wakubwa wamekutana, wataalamu wako kazini, na hakuna kilichopotea. Pale kituo cha Kawangware 56 vijana wa saiba, vile vibanda vya intaneti, ambao hula kwa kuwajazia watu maombi ya serikali, walishinda nje wakicheza drafti. Niliwacheka. Nilidhani hiyo ni shida ya watu wenye pasipoti.

Mama yangu aliishi Mashimoni, kule Kibera, na figo zake zilikuwa zimechoka. Mara mbili kwa wiki nilimpeleka kliniki, alazwe kando ya mashine, imsafishe damu. Bila hiyo mashine hangekuwa na siku nyingi, na daktari hakutuficha. Bima ya serikali ndiyo iliyolipa. Kazi yake mama ilikuwa kuweka kidole kwenye kijimashine cha mapokezi, nacho kikubali kwamba ni yeye.

Mtandao uliporudi, akaweka kidole. Msichana wa mapokezi akatazama skrini, akamtazama mama, akaniita kando.

"Mwalimu, sistimu inasema huyu mathe ni marehemu."

"Marehemu aje na amekaa hapo?"

"Mimi naona tu vile imeandikwa. Na bima haiwezi lipia marehemu."

Mama alisikia kila neno. Masikio hayakuwa na ugonjwa. Mimi nilifoka. Tulipofika kwake, mama akavua viatu, ndipo akasema, "Wamezika mgomba."

Kwetu magharibi, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, jamaa huzika shina la mgomba mahali pake, walie, wamalize. Akitokea siku moja akiwa hai, ni balaa. Haingii nyumbani mpaka atakaswe, kwa kuwa kuna kaburi linalomngoja.

"Hilo kaburi liko mahali," mama akasema, "na linajua jina langu."

Nikamwambia aache mambo ya kizamani, ni hitilafu tu ya kompyuta. Lakini chai aliyonipa sikuimaliza.

Basi nikaanza kuupanda mchoro wangu. Mzee wa nyumba kumi akaandika kwamba mama yu hai. Chifu akapiga muhuri, akatikisa kichwa. "Mimi namwona, mwalimu, hata amenisalimia. Lakini siku hizi macho yangu hayahesabiki. Hiyo maneno iko huko juu." Huko juu wakasema kumbukumbu si zao, ni za idara nyingine. Idara nyingine ikasema wanaolinda mtandao wamefunga kila kitu, hakuna kugusa jina la mtu mpaka uchunguzi uishe. Nani anachunguza? Kamati. Kamati iko chini ya nani? Karani akanikazia macho kana kwamba mvamizi ni mimi.

Kamati hiyo haikuwa na kisanduku kwenye mchoro wangu. Hata yule aliyeingia hakuwa nacho. Nilimfikiria sana mtu huyo asiye na sura, aliyepita juu ya jina la mama labda bila hata kulisoma. Nilimchukia. Lakini waliosema hakuna kilichopotea niliwachukia zaidi, na bado nawachukia.

Kanisa lilichanga, majirani wakachanga, mama akasafishwa damu mara moja moja. Miguu ikaanza kuvimba, kisha uso. Kila nilipotoka ofisini aliniuliza swali lile lile.

"Wamenifukua?"

"Bado, mama."

"Waambie wasikawie."

Sikumwambia tena kwamba hayo ni mambo ya kizamani. Kila nilipomsaidia kugeuka kitandani nilihisi kuna mtu mwingine anamvuta upande wa pili.

Alifariki asubuhi, jua likiwa limeshayapasha mabati moto na watu wakipanga mitungi kwenye kioski cha maji. Nikaenda ofisi ya kusajili vifo kuomba kibali cha mazishi ili tumpeleke nyumbani. Karani wa huko akanionyesha kiti, akaandika nambari ya kitambulisho cha mama, akasita.

"Hii haiwezi ingia. Huyu alishakufa. Huwezi sajili kifo mara mbili."

"Nifanye nini sasa?"

"Lazima kwanza arudishwe akuwe hai."

Miezi yote ile nilikuwa nimepiga kelele katika ofisi za watu. Siku hiyo nilimwomba kwa adabu, kama mtu anayeomba maji, amfufue mama yangu ili nimzike.

Akapiga simu moja. Akasema ndio bosi, sawa bosi, akabonyeza mara mbili. Hata kiti alichonionyesha nilikuwa sijakikalia.

"Sasa ako hai," akasema. "Haya, niambie alikufa lini."